Mchanga wa Mtaroni

Mama Pacha hakuwa mtu wa kinyaa. Miaka tisa alifua mashuka ya hospitali: damu, usaha, matapishi, na mengine ambayo wenzake waliyainua kwa ncha za vidole huku wamegeuza shingo. Yeye alikumbatia mzigo mzima mpaka kwenye beseni, na jioni akala kama kawaida. Hospitali iliponunua mashine na kuwaaga wafuaji, alikuwa na miaka thelathini na sita, mapacha wa darasa la tano, na mama mzazi mwenye ulimi.

"Ujenzi?" mama yake aliuliza alipoiona fomu ya chuo. "Na huo mgongo?"

"Mgongo umebeba mashuka yaliyolowa, mama. Tofali angalau ni kavu."

Chuo chenyewe kilikuwa banda la mabati nyuma ya gereji, kozi ya miezi mitatu kwa wasiojua kitu. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili, mwanamke akiwa yeye peke yake. Mwalimu walimwita Injinia, ingawa hakuwa injinia, na viatu vyake havikuwahi kushika vumbi. Lakini mwezi wa kwanza alifundisha vizuri, tusimnyime haki yake. Alimwonyesha Mama Pacha namna ya kushika mwiko wa kujengea bila kuukaba, kusoma pima maji, na kuiacha timazi itulie kwenye kamba yake kabla ya kuiamini. Kona yake ya kwanza ilitoka imelala kama mlevi. Ya tano ikasimama wima, na siku ile alirudi nyumbani akikagua kuta za watu njiani na kuzikosoa kimoyomoyo.

Ubaoni Injinia aliandika kwa chaki na kupigia mstari mara mbili: saruji ndoo moja, mchanga ndoo sita.

"Mkisahau yote," alisema, "hili msisahau."

Mwezi wa pili walipelekwa kwenye mafunzo ya vitendo, kujenga chumba cha kujifungulia kwenye zahanati iliyokuwa karibu. Zahanati ilitoa saruji, chuo kikatoa mikono na mchanga. Asubuhi ya kwanza lori lilimwaga huo mchanga, na harufu ikawafikia kabla vumbi halijatua. Ulikuwa umezolewa mtaroni. Ndani yake mlikuwa na mafungu ya nywele za saluni, soli ya kandambili, nepi iliyokunjwa, na tope jeusi lililoteleza katikati ya vidole kama makamasi.

"Mwalimu, huu mchanga unanuka," alisema Mama Pacha.

"Ukishapigwa lipu utanukaje?"

Wenzake wakacheka. Akachukua koleo, akachanganya. Ndipo akaanza kuhesabu: ndoo kumi na nane za mchanga kwa moja ya saruji. Alidhani amekosea, akahesabu upya, zikawa zilezile. Saa kumi jioni mifuko ya saruji iliyobaki ilipakiwa kwenye gari la Injinia na kufunikwa turubai. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa.

Mwenzake wa ubavuni, mwanaume wa makamo aliyewahi kuwa mlinzi, aliona pia.

"Dada, imebaki wiki nane. Fumba macho tupate vyeti."

"Nikifumba macho, pua niifanyeje?"

Hata hivyo alifumba. Wiki tatu alijenga, na kilichomchefua zaidi ni jinsi ukuta ulivyopendeza. Mistari ilinyooka, kona zilikaa sawa, wapita njia walisimama kusifia. Alijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikawaka na bado alijisikia ananuka. Jioni moja alisukuma sahani pembeni baada ya tonge la kwanza.

"Una mimba?" mama yake aliuliza.

"Sina mimba, mama. Najenga."

Mkunga mkuu wa zahanati alipokuja kukagua, Injinia alimtembeza akieleza kwa mikono miwili, kama mwenye nyumba. Mama Pacha alikuwa amechuchumaa chini ya dirisha. Alimtazama yule mkunga, koti lake jeupe, kalamu kifuani, akawaza nani atalazwa chini ya ukuta ule. Akasimama.

"Mkunga, naomba uchome hapa. Hapa katikati ya matofali. Kwa kalamu tu."

"Rudi kazini," alisema Injinia.

Mkunga alichoma. Kalamu ilizama mpaka kwenye kifuniko. Alipoichomoa, mchanga ulimwagika kama unga kwenye kiatu chake, na pamoja nao uzi mrefu wa nywele.

"Bado haujakauka," Injinia alisema.

"Ukuta huu una siku kumi na tisa," alisema Mama Pacha. "Nimeujenga mimi."

Mkunga hakugomba. Alipangusa kalamu yake kwa karatasi, taratibu, akaitupa karatasi, kisha akaitupa na kalamu. Wiki ile chumba kilibomolewa, na hawakuhitaji nyundo. Watu wawili walisukuma kwa mabega.

Injinia alihamishiwa tawi jingine la chuo. Mama Pacha alipewa barua: hatapata cheti kwa sababu ya utovu wa nidhamu. Wenzake kumi na mmoja walipata. Yule mlinzi alikuja kumwonyesha chake, akijua kabisa kimetoka wapi, akitaka apongezwe. Mama Pacha alimpa maji ya kunywa, pongezi hakumpa.

Fundi aliyekuja kujenga upya chumba kile, Mama Pacha alipomwomba kazi, hakuuliza cheti. Alimpa mwiko na matofali ishirini, akaenda kunywa chai. Aliporudi aliweka pima maji juu, akaguna, akamwambia aje kesho na maji yake ya kunywa. Mama Pacha aliingia kama saidia fundi. Mwaka wa pili alikuwa anaachiwa kona zote.

Alikutana na Injinia mara moja, kwenye duka la vifaa, viatu vikiwa vinang'aa kama zamani.

"Fundi wangu," alisema akitabasamu, akanyoosha mkono. "Nilikufundisha vizuri, eeh?"

Ilikuwa kweli, na ukweli wenyewe ulimtia kinyaa. Mama Pacha aliutazama ule mkono, laini, kucha zimekatwa vizuri. Akaweka wake mfukoni, akamwomba muuzaji kilo mbili za misumari, akasubiri zipimwe.