Ukisikia Kelele Kwetu, Usije

Mwaka ule wa korona, bosi alitutangazia kwamba ofisi inafungwa na kila mtu akafanyie kazi nyumbani. Wenzangu walikuwa na nyumba zao pale Mwanza. Mimi nilikuwa na chumba kimoja cha kupanga, na mwenye nyumba aliyewasha redio tangu alfajiri kama vile analipwa kwa kazi hiyo. Nikatia kompyuta kwenye begi, nikapanda basi kwenda kwa mama, kijijini Ihanda. Nilijiona mjanja sana.

Mama alikuwa mjane, anaishi peke yake katikati ya migomba na kahawa. Alifurahi kumwona bintiye, ila kazi yangu hakuielewa hata siku moja. Kwake yeye, mtu aliyetoka kazini ana matope miguuni. Mimi nilikaa chumbani karibu na dirisha, mahali pekee palipokuwa na mtandao, nikiongea na kioo cha kompyuta tangu saa mbili na nusu asubuhi. Akipita nje alinyata, akawafukuza kuku wasilie karibu. Watu wakimuuliza nafanya nini humo ndani, alisema niko na wakubwa zangu.

Jirani yetu wa upande wa chini alikuwa mjane pia. Nilimwita mama mdogo, ingawa hatukuwa ndugu. Yeye na mama waliolewa kijijini hapo mwaka mmoja, wakasaidiana kulea na wakasaidiana kuzika waume zao. Kila jioni mmoja alikuwa kwa mwenzake, wakitafuna kahawa za kuchemsha na kuwasengenya watu wa kwaya. Kati ya kibanja chetu cha migomba na chake hapakuwa na uzio wowote. Ukiita huku, unasikika kule. Na kwetu ukisikia mwenzako anapiga kelele, huulizi kuna nini. Unatupa jembe unakimbia, maana asiyekimbilia ya mwenzake, siku yake ikifika atalia peke yake.

Alhamisi moja mama alikuwa ameenda kwenye sala za jumuiya, nami nawasilisha ripoti mbele ya ofisi nzima. Mtandao ukaanza vituko vyake. Naongea, hawanisikii. Nikapaza sauti: "Halo! Mnanisikia? Jamani, mnanisikia?" Nikapiga meza, nikapiga na ukelele, maana niliona kazi ya mwezi mzima inakwenda na maji. Mara mlango ukasukumwa. Mama mdogo huyo! Kanga kaifunga kiunoni, panga mkononi, anahema, na wanawake wawili nyuma yake. "Nani kafa?" akauliza. Na mtandao, kwa ushenzi wake, ukarudi saa ileile. Wenzangu wote walimwona. Waliangua kicheko, na mmoja akasema mjumbe mpya wa kikao akaribishwe.

Ningekuwa na akili, ningecheka nao. Lakini niliona aibu, na kwangu mimi aibu haikai hata dakika moja kabla haijageuka hasira. Nikafunga kompyuta, nikamtoa mama wa watu hadi uani, nikamwambia: "Mama mdogo, ukisikia kelele kwetu, usije. Hata ukisikia nalia, acha. Ndiyo kazi yangu. Halafu na huu ugonjwa, siyo vizuri watu kuingiliana ovyo." Ugonjwa niliuchomeka tu hapo mwisho, uwe kisingizio. Hakunijibu vibaya. Alisema, "Haya, mwanangu, nimesikia," akawageuza wenzake wakaondoka. Mama aliporudi sikumwambia kitu.

Mama mdogo aliendelea kuja jioni, ila sasa alipiga hodi akiwa mbali na kusimama hadi ajibiwe. Mama alimshangaa. Nikamwambia labda anaogopa korona.

Kiangazi kikaingia. Siku yenyewe nilikuwa na mafunzo ya mtandaoni, hedifoni masikioni, tangu saa mbili na nusu hadi saa saba. Nilipozivua nilikuwa na njaa, na nikaenda jikoni nimeshakunja uso kwamba chakula kimechelewa. Mungu anisamehe. Jiko lilikuwa la baridi. Nikaita, kimya. Nikateremka kibanjani, nikamkuta mama chini kabisa, ndani ya mtaro wa maji, mkungu wa ndizi pembeni yake, mguu umepinda vibaya na sisimizi wamemjaa mkononi. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Nimeita," akasema. "Nimeita mpaka nimechoka."

Nikapiga yowe. Hakuja mtu. Nikapiga tena kwa nguvu zangu zote, hakuja mtu. Ilibidi nimwache palepale nikimbie hadi barabarani kwa watu wa bodaboda, ndio waliokuja kumtoa. Hospitalini wakasema nyonga imevunjika, apelekwe mbali kwa upasuaji. Mama akakataa katakata. Wakati ule watu waliogopa kulazwa kuliko walivyoogopa kufa, na mimi sikumshinda. Tukamrudisha nyumbani.

Akiwa kitandani ndipo aliponiambia kilichomuuma kuliko nyonga. Asubuhi ile alikuwa akimsikia mwenzake analima upande wa pili. Alimsikia akikohoa. Akaita. "Jembe likasimama," mama akasema. "Nikajua anakuja. Halafu likaendelea kulima."

Kesho yake nilikwenda kwa mama mdogo, hata shikamoo sikumpa. Nikamuuliza kama alimsikia mama.

"Nilisikia," akasema. "Nilisikia sauti ya mwanamke inaita, imefifia kama inatoka ndani ya nyumba. Wewe na mama yako sauti ni moja, mwanangu. Nikasimama. Nikasema moyoni, ni yule na kazi yake, nikienda nitamwaibisha tena kwa wakubwa zake. Si uliniambia?"

Mama mdogo akakaa chini palepale kwenye udongo, akalia. Kisha akafuta uso na kusema, "Mimi siwezi kumshtaki mtoto kwa mama yake. Mwambie wewe mwenyewe."

Nilikwenda nyumbani kwa nia ya kumwambia. Nikamkuta anasema, "Tumezikiana waume, leo ananiacha nife shimoni kwa kuogopa korona." Nikafungua mdomo, nikamuuliza kama anataka uji. Ulimi uliokuwa mwepesi siku ile uani sasa haukunyanyuka. Nikasema kesho. Kesho kulikuwa na kikao, nikakifanyia palepale pembeni ya kitanda chake, kwa sauti ya chini. Wenzangu wakampa mama pole, nikawashukuru. Nikasema kesho tena.

Mama mdogo alikuja kila siku na maziwa kwenye kibuyu. Mama akisikia hodi yake, anageukia ukutani. Nikawa nampokea nje, namwambia amelala. Hakuniuliza kama nimekwishasema. Aliniangalia tu, nami nikaangalia kibuyu. Nilikuwa mwoga. Niliogopa mama asije akageukia ukuta kwa ajili yangu.

Wiki ya tano kifua kikambana mama. Siku mbili kabla ya kukata roho alinishika mkono, akaniambia, "Nikifa, yule asinioshe." Nikasema sawa, mama.

Alipofariki, mama mdogo alikuwa wa kwanza kuingia. Alikuja na beseni na kanga mpya. Ningemzuiaje bila kusema kwa nini? Mbele ya wanawake wote wale, ningeanzia wapi? Nikampisha mlangoni. Alimwosha mama polepole, akimsemesha kwa Kinyambo, lugha ya kwetu, kama walivyokuwa wakisemezana kibarazani, akamwita kwa jina la usichana wake ambalo mimi sikuwahi kulisikia.

Alipomaliza akatoka uani nilipokuwa nimekaa, mikono yake bado imelowa.

"Mwanangu," akaniuliza, "mama yako aliniulizia hata mara moja?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Kila siku."

Akapiga magoti mbele yangu, mtu mzima yule, akaniambia asante.