Manka Aliyetuokoa Kwenye Rede

Enzi zetu, sisi tuliokulia Kariakoo mitaa ikiwa bado ya mchanga, mtoto hakurudi nyumbani kusema kuwa amefokewa mchezoni. Angemwambia nani? Mama yangu alikuwa na hukumu moja kwa kesi zote za namna hiyo: "Ukirudi unalia, nakuongezea." Basi machozi tuliyamalizia huko huko kwenye kona, tukajifuta kwa pindo la gauni, tukarudi uwanjani. Nimewasimulia wanangu habari hizi kwa majivuno miaka nenda rudi, hasa tunapoangalia mpira kwenye televisheni na nahodha nyota akaanza kumkaripia mwenzake mbele ya watu wote. Binti yangu Neema husema, "Mama, huyu anamnyanyasa mwenzake." Mimi humcheka. Namwambia kizazi chao kimelelewa kwenye pamba, neno moja kali tu mtu anataka kulazwa. Namwambia angemjua Manka wa enzi zile, angenyamaza.

Manka alikuwa nyota wetu wa rede. Watoto wa siku hizi hawaijui rede, wanajua kubonyeza simu, kwa hiyo nieleze. Wawili wa timu pinzani wanasimama huku na huku wakirushiana mpira wa soksi iliyoshindiliwa matambara, na katikati mko nyinyi, mnakwepa. Ukiguswa na mpira umetoka, unakwenda kusimama pembeni. Hapo katikati kuna chupa tupu ya soda. Aliyebaki anakwepa huku anachota mchanga kwa kiganja na kuutia chupani, na akiweza kuijaza na kuimwaga kabla hajapigwa, wote waliotoka wanarudi mchezoni. Tuliita kuokoa. Na mtaani kwetu, kando ya Msimbazi, aliyekuwa akituokoa alikuwa Manka.

Alikuwa mrefu, mwembamba, miguu imepauka vumbi mpaka magotini. Alichota mchanga bila kuuangalia, macho yako kwenye mpira, kiuno kinakatika huku na kule, na sisi pembeni tunaimba mpaka sauti zinakauka. Akishaimwaga chupa tulimrukia kama siku ya sikukuu. Halafu, kabla hatujapumua, alianza kutusema. Alimpitia kila mmoja kwa jina, mbele ya timu pinzani, mbele ya muuza mihogo na wateja wake, akitaja alivyokanyaga vibaya na alivyozubaa. Hakutukana matusi ya nguoni, hapana. Lakini Manka alikuwa na kipaji cha kutafuta pale panapouma, na akipapata, hapo hapo anarudia kesho yake.

Tulikaa nyumba moja, ile ya vyumba vingi na ua mmoja, kila mlango familia yake. Baba yake Manka, Mchaga wa Kilimanjaro, alikuwa na duka la misumari na rangi. Baba yangu, Mpare, alikuwa fundi cherehani barazani. Mlango wa mwisho karibu na bafu walikaa watu wa Lindi, na binti yao aliitwa Somoe. Jioni ua mzima ulinuka samaki wa kukaanga, mafuta ya taa na sabuni ya mche, na sisi watatu tulikaa kwenye ngazi tukinyonya barafu za ukwaju mpaka midomo inakufa ganzi. Sahani hazikuwa na mwenyewe. Leo ungekula ugali kwa kina Manka, kesho wali wa nazi kwa kina Somoe, na mama zetu waliulizana tu kama tumeshiba.

Mimi maneno ya Manka yalinijenga, na hilo sitalikana. Nilikuwa mzito, mwoga wa mpira. Siku moja aliniambia, "Wewe Mpare, unaukwepa mpira kana kwamba ukikugusa utaulipia." Nikamjibu, "Na wewe Mchaga, kuokoa kungekuwa na malipo, hata usiku ungelala na chupa." Timu nzima ikaanguka kwa kicheko, yeye wa kwanza. Toka siku hiyo kila aliponisema nilipata hasira tamu ya kutaka kumwonyesha, na nikawa mkwepaji wa kutegemewa. Nimeendesha maisha yangu kwa hasira ile ile. Duka langu la vitenge nililisimamisha nikiisikia sauti ya Manka sikioni, na nimekuwa nikiamini kwamba mtu akikufokea amekuona una kitu.

Mwezi uliopita baba yake Manka alifariki. Mzee alikuwa amehamia ghorofani Mchafukoge, na turubai lilifungwa mtaani chini ya jengo, viti vya plastiki vimejaa mpaka kwenye milango ya maduka. Siku ya pili yake mwili ulikuwa usafirishwe kwenda Moshi. Somoe alikuwepo toka asubuhi, ameshika mwiko kwenye sufuria la pilau nyuma ya jengo, kimya kama kawaida yake. Na mimi nilikwenda na kazi mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya utani. Wapare na Wachaga ni watani, na msibani mtani ana ruhusa ya kufanya vituko ambavyo mwingine angefukuzwa. Ya pili alinituma Manka mwenyewe, kabla hata ya msiba. Siku hizi yeye ni kocha wa timu ya wasichana ya netiboli pale Upanga, na alikuwa amemwona Zuhura, binti wa Somoe, akicheza shuleni. Alisema hajaona mtoto mwenye miguu kama ile toka enzi zetu. Alimtaka timuni. Somoe akakataa, akakataa tena, bila kutoa sababu, na yule binti alikuwa akilia nyumbani hataki hata kula. Manka aliniagiza nimbembeleze mwenzetu. Nikasema hilo dogo, Somoe namjua kama pindo la kanga yangu.

Nikaanza na utani. Nilivaa koti la marehemu na kofia yake, nikashika fimbo, nikaingia walipokaa wafiwa nikidai funguo za duka, nikiwatuhumu wanawe kwamba wanalia ili wasihesabu misumari. Watu wakacheka. Manka, ambaye macho yalikuwa yamevimba kwa kulia, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hapo ndipo nilipopata kichwa. Mtu mmoja akasema, "Tuigizie Manka kwenye rede," nami nikavua kofia, nikawapanga wanawake mstari pale chini ya turubai, nikaanza kuwapitia mmoja mmoja kwa sauti ya Manka. Nilikuwa nimeiva. Watu walishika mbavu. Somoe alikuwa amekuja kuuliza sahani, nikamvuta mkono nikamsimamisha mstarini, nikamwambia yale maneno ambayo Manka alimwambia kila jioni ya utoto wetu: "Na wewe Somoe, wewe ni mzigo. Mzigo hauchezi, mzigo unabebwa. Rudi Lindi ukabangue korosho."

Vicheko vikaendelea kidogo, halafu vikakatika kimoja kimoja. Somoe hakuwa akilia. Alikuwa amesimama na mwiko wake, ananitazama usoni.

"Naku," akasema, akiniita jina langu la utotoni, "wewe alikuwa mtani wako. Mimi alikuwa nani wangu?"

Nikaishusha fimbo.

"Wewe alikuambia, ukamjibu, mkacheka," akaendelea, polepole, maana Somoe hajawahi kuwa msemaji. "Mimi nilimjibu lini? Kwetu na Wachaga hatuna utani. Angenisema nikamjibu, ungekuwa ugomvi, na mama angenichapa kwa kugombana na watoto wa nyumbani. Nimeolewa, nimezaa, nimezika wazazi. Mpaka leo nikiingia penye watu nakaa karibu na mlango, najiuliza kama ni mimi mzigo hapa."

Nilisikia pilau likichemka nyuma ya jengo. Nilisimama na koti la marehemu mwilini, jasho linanitiririka, na ukweli ukaniingia kama maji ya baridi. Katika watoto wote wa timu yetu, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikimjibu Manka. Mimi peke yangu nilikuwa mtani. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikidhani sote tulikuwa tukinywa dawa ile ile.

Manka aliinuka kwenye godoro la wafiwa. Kanga ya kichwani ilimdondoka, hakuiokota.

"Somoe, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, dada Manka? Wewe ndiye uliyekuwa unaniokoa."

Nasema kweli, neno lile lilinipiga kuliko yote. Maana ndivyo ilivyokuwa. Somoe alikuwa wa kwanza kutoka karibu kila siku, na kila siku Manka alichota mchanga akamrudisha. Utamwambia nini mtu aliyekurudisha mchezoni? Manka mwenyewe alishika kifua kama mtu aliyepigwa. Mfiwa tulikuwa tumekuja kumfariji, na sasa hakuna aliyejua amshike mkono au amwache.

"Basi nifokee," Manka akasema. "Leo, hapa hapa, mbele za watu kama nilivyokuwa nafanya. Sema yote, nami sitajibu."

Somoe akafungua mdomo. Tulimsubiri, hata wazee wa kiume waliokuwa upande wa pili walikuwa wamegeuza viti. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Pole na msiba, dada Manka," akageuka aende zake jikoni.

"Mama, subiri."

Alikuwa Zuhura. Alikuwa amekuja na wenzake wa shule wanaochezea timu ya Manka kumpa pole kocha, amevaa sare, ana miaka kumi na mitano na shingo ndefu kama ya mama yake. Alipita katikati ya viti, akapiga goti kidogo mbele ya Manka.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole na msiba. Mimi nataka kucheza kwako. Wenzangu wamenieleza kwamba unafoka sana. Kosa langu nitalikubali, unikosoe hata mara mia. Ila ukiniita mzigo, nitakujibu. Nitakujibu kwa heshima, lakini nitakujibu, na ukiendelea nitaondoka, hata kama tunashinda."

Wanawake walishika midomo. Mama mmoja nyuma yangu alisema, "Yesu wangu, mtoto huyu." Hata mimi, pamoja na yote niliyokwisha kusikia, nilishtuka upya. Kumwambia mkubwa hivyo, tena mfiwa, tena mwalimu wako. Enzi zetu angekula kofi kabla hajamaliza sentensi, na kofi lingetoka kwa mtu yeyote aliye karibu. Nilimtazama Somoe nikitegemea atamwahi mwanawe. Somoe alikuwa anamwangalia Zuhura kama mtu aliyeletewa mgeni mlangoni ambaye hakumtarajia.

Manka alikaa chini tena, akajifuta uso kwa kiganja. "Sijui kufundisha namna nyingine," akasema. "Sina uongo, sijui. Kila timu niliyoijenga nimeijenga hivyo."

"Tutakuambia, kocha," Zuhura akasema.

Manka akamtazama Somoe. Alikuwa anaomba ruhusa, na katika maisha yangu sijawahi kumwona Manka akimwomba mtu chochote. Somoe aliuzungusha mwiko mkononi. "Mwache aende," akasema hatimaye. "Huyu ana mdomo." Halafu akarudi kwenye pilau lake. Nilimfuata na lile koti, nikataka kumwomba radhi, akanipa kisu na gunia la vitunguu. Tukamenya vitunguu mpaka machozi yakatutoka wote wawili.

Zuhura anafanya mazoezi sasa. Neema, ambaye humtembelea, ananiambia kocha bado anafoka, kisha anajikatiza katikati ya sentensi, anashika kiuno, anaanza upya. Wasichana wanacheka, naye anawaambia wasicheke. Na wanashinda, kama mlitaka kujua. Sijui wanashinda kwa ukali uliobaki au kwa ule uliopungua.

Juzi nilikaa tena na Neema kuangalia mpira. Nahodha akamvaa beki wake, akamnyooshea kidole, akamfokea mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Zamani ningemwangalia nahodha na kusifu moyo wake. Safari hii nilimwangalia yule beki. Nikaona anavyoangalia nyasi. Neema alinigeukia, na mimi sikumcheka.

Enzi zetu zilikuwa tamu, atakayebisha hakuwepo. Mtaa ule sasa ni maghorofa, mchanga umefunikwa lami na masanduku ya bidhaa, na hakuna mtoto anayeweza kurusha mpira bila kumpiga mteja. Ninaweza kukutajia rangi ya chupa, ladha ya ukwaju, jinsi soksi ile ilivyonuka ikilowa mvua. Namwona Manka waziwazi, kiganja mchangani, macho juu, anatuokoa. Nimekaa usiku na mchana tangu msiba ule nikijaribu kumwona na Somoe pale pembeni, anaposubiri kurudishwa. Naliona gauni lake. Naiona miguu yake kwenye mchanga. Uso wake siuoni, kwa sababu sote tulikuwa tunamwangalia Manka.