Kiingereza cha Biblia

Jirani yangu hapa ughaibuni, mtaa wa Lidcombe, alijifunza Kiingereza katika kambi ya wakimbizi, kwa Biblia ya zamani, na hataki kusikia kingine. Nikisema fulani "had a baby", anainua kidole: baba "begat", mama "brought forth", yote maana yake kuzaa. Amenichosha. Juzi binti yake Anésie alishikwa na uchungu wa kujifungua, naye jirani, mimi nikiwa pale kwao, akapigia simu ambulensi. "My daughter bringeth forth," akasema polepole, kama anayehubiri. Wakamuuliza analeta nini. Akarudia yale yale, kwa sauti zaidi. Nikamnyang'anya simu: "Baby coming, now!" Nilipogeuka nimgombeze, alikuwa ameketi sakafuni. "Mama Nella," akasema, "maneno yenu ya Kiingereza cha kila siku yamenitoka kichwani yote. Wamekusikia? Wanakuja?" Nikaketi karibu naye, nikamwambia wanakuja.