Kifua cha Mkaguzi

Tegua hiki, msomaji wangu, kabla hujageuza ukurasa: nina mgeni nyumbani, jicho lake moja linaniaga, la pili linanikaribisha. Nani huyo?

Ukisema kinyonga umepata, mji wako baki nao. Sasa nakuongezea cha pili: kinyonga akiumwa, analia vipi? Hapo hata aliyeishi naye miaka mitatu alikwama.

Ni saa mbili kasorobo asubuhi. Ndani ya chumba kimoja chenye mlango wa bati, dobi wa miaka sitini na tatu ameinama mbele ya tundu la wavu, sikio limekaribia kugusa waya. Mtaa mzima unamwita Mzee Pasi. Mezani pasi ina moto tayari, na shati la kwanza limetandazwa mikono wazi. Hajaligusa.

"Sikia," ananong'ona. "Tik. Tik. Kama pasi inayopoa."

Sauti hiyo inatoka kifuani mwa kinyonga mdogo aliyeshika kijiti kwa miguu mitatu. Mguu wa nne unaning'inia. Rangi yake, ambayo asubuhi kama hii ingekuwa kijani cha jani changa, imekuwa ya majivu ya jikoni. Kichwa amekielekeza juu na mdomo ameuacha wazi kidogo. Jicho moja limefumba, na limezama ndani kama kifungo kilichovutwa mno na uzi.

Jina lake Mkaguzi. Alipewa na marehemu mke wa dobi.

Mama huyo alikuwa akianika mashuka kwenye ua wa miti nyuma ya chumba. Siku moja alirudi na foronya, na juu ya foronya kuna kinyonga ameng'ang'ania. Dobi akarukia nyuma ya meza. Mke akacheka mpaka akakaa chini.

"Akaniambia, 'Unakimbia nini, mume wangu? Huyu amekuja kukagua kazi yako,'" anasimulia Mzee Pasi. "Tangu siku hiyo shati halikutoka humu bila kupitishwa mbele ya tundu. Akiligeuzia jicho, mama watoto anasema, 'Rudia kola, bosi hajaridhika.'"

Wateja nao hawakukosa la kusema. Yupo mwalimu mmoja ambaye mpaka leo hupokea suruali zake kutoka mlangoni.

"Mzee, huyo mtu wako akinirukia, nguo nakuachia uvae mwenyewe!"

"Arukie nini, mwalimu? Kutoka hapa mpaka kwako anahitaji wiki nzima, tena aombe ruhusa."

Mke ndiye aliyejua kumtunza. Aligundua kwamba kinyonga hanywi maji ya bakuli hata ukimwekea mwezi mzima. Anataka kuona tone likitikisika juu ya jani. Basi kila asubuhi alichukua kile kinyunyizio cha kulowanishia nguo, akanyunyizia majani ya tunduni, akasubiri yakauke kabla ya kunyunyizia tena. Kisha alilitoa tundu nje, lipate jua lenyewe la asubuhi, upande mmoja ukiwa na kivuli ili Mkaguzi achague. Na dirisha lililo juu ya meza ya pasi lilikuwa wazi mchana kutwa.

Dirisha hilo ndilo lililoleta maneno ndani ya nyumba.

Mwaka jana dobi alipata kazi ya mashuka ya nyumba ya wageni, yote meupe. Mara mbili yakarudishwa yana vumbi la barabarani. Mzee Pasi akachukua nyundo na misumari minne, akalifunga dirisha.

"Mama watoto alikataa. Aliniambia, 'Mashuka hayavuti pumzi, mume wangu. Mimi navuta.' Nikamwambia avumilie, kazi yenyewe ndiyo hii."

Mvuke wa pasi ukakosa pa kutokea. Ukuta ukaanza kutoa ukungu mweusi pembeni. Msimu wa baridi mke akaanza kukohoa. Mumewe akamfukiza kwa maji ya moto, shuka juu ya kichwa, asubuhi na jioni. Siku ya sita akampeleka hospitali. Siku ya nane akarudi peke yake, na viatu vya mkewe kwenye mfuko.

"Kilikuwa kikohozi kidogo tu," anasema, akiigeuza pasi bila kuipeleka popote. "Nilidhani vumbi. Nani angejua?"

Miezi tisa imepita. Mashati arobaini waliyoyamaliza wawili kwa siku sasa ni kumi na nane, na mengine hutoka na makunyanzi mgongoni. Mashuka meupe yanaendelea kuja. Misumari ilibaki dirishani. Tundu nalo alilihamishia ndani kabisa, kwenye rafu iliyo juu ya meza ya pasi.

"Nilijua anapenda unyevu. Nikasema huku juu atapata mvuke wa bure. Mtu mwenyewe kazi zimenizidi, wa kunyunyizia jani kila saa ni nani?"

Mkaguzi alianza kwa kulala mchana. Kinyonga mzima halali mchana, lakini dobi alisema labda ni uzee. Halafu akawaacha panzi wapite mbele ya pua bila kutoa ulimi. Halafu povu dogo likaonekana puani. Mzee Pasi alipoliona akafanya alichokijua: akamsogeza karibu zaidi na mvuke, akapaka dawa ya kuchua kwenye kijiti, na kwa kijiko cha chai akamtia maji mdomoni kwa nguvu.

Jirani yake, sonara wa chumba cha pili, ndiye aliyempigia kelele.

"Wewe mzee, unamtibu au unampika?"

Akamwitia daktari wa mifugo, binti mmoja anayezunguka na pikipiki kuchanja ng'ombe. Naye alipofunguliwa mlango alisimama, akatazama tundu, akatazama sindano yake.

"Baba, mimi nimezoea wagonjwa wanaonipiga teke."

Hata hivyo hakuondoka. Alimpigia simu mwalimu wake wa chuo, akaandika kiganjani aliyoambiwa. Dawa ya kinyonga hupimwa kwa uzito, na mzani wa ng'ombe hapo haufai. Sonara akaleta ule wake wa kupimia pete. Mkaguzi akawekwa juu yake, hata hakujisumbua kushuka. Gramu hamsini na moja.

"Ni mapafu," daktari akasema. "Ameinua kichwa hivyo kwa sababu akikishusha pumzi haipiti. Maji ya kijiko usimpe tena, yanaingia kifuani. Dawa ya kuchua tupa. Na dirisha hili lifunguliwe leo hii, kwanza lenyewe, kabla ya sindano yangu."

Mzee Pasi akapanda juu ya meza ya pasi na koleo. Misumari mitatu ikatoka. Wa nne ukakatika kichwa, ikabidi avunje ubao. Upepo ulipoingia, ukungu wa ukutani ukaonekana wote.

Daktari alikuwa akijaza karatasi yake. Akauliza bila kuinua kichwa, "Dalili uliziona lini, baba?"

Dobi akasema mashuka ya nyumba ya wageni yanachukuliwa saa nne. Daktari akarudia swali. Dobi akauliza kama daktari atakunywa chai. Ile nafasi kwenye karatasi ikabaki wazi.

Hiyo ilikuwa siku nne zilizopita. Sindano ni moja kila siku ya pili, na zote kwa pamoja zinagharimu sawa na mashati ishirini na mawili. Kila asubuhi tundu linatolewa kwenye jua, kila mchana linarudishwa kivulini, majani yananyunyiziwa na kuachwa yakauke. Mzee Pasi anafanya yote kama alivyofanya mkewe, hatua kwa hatua, na hakuna kinachobadilika isipokuwa lile jicho ambalo juzi lilikuwa bado linafumbuka, na leo halifumbuki.

Leo ni sindano ya tatu. Pikipiki inazimwa nje. Daktari anaingia, anainama, anasikiliza tik ile ile. Anajaribu kukibandua kiganja cha Mkaguzi kutoka kwenye kijiti. Kinabanduka mara moja, na hilo halimfurahishi.

"Zamani ulikuwa unambandua kwa shida, siyo?"

"Alikuwa anang'ang'ania kama mdai."

"Nisikufiche, baba. Wanyama hawa wanaficha ugonjwa. Ukiuona, ujue umekaa. Tungemuwahi siku zile za kulala mchana, ningekuambia jambo jingine. Sasa nakuchoma dawa tu, siahidi."

Anachoma. Mkaguzi hatikisiki.

Mzee Pasi anasema ameshawaambia wa nyumba ya wageni watafute dobi mwingine, mashuka ya mwisho yanaondoka Jumamosi. Anataka ajenge kibanda cha mabati hapo uani, kisicho na ukuta mbele, apigie pasi nje. Anaonyesha kwa mkono: meza hapa, tundu pale. Mkono unabaki hewani.

"Na asipofika Jumamosi?" anauliza sonara kutoka mlangoni.

"Nitajenga tu."

Daktari anafunga mkoba wake. Anatoa ile karatasi amalizie, anaitazama, anaanza kuikunja bila kuuliza.

"Siku ya kwanza," anasema Mzee Pasi.

"Siku ya kwanza ya nini, baba?"

"Si uliniuliza niliona lini." Ameinua pasi, ameishika juu ya shati lile lile la asubuhi, haishuki. "Hospitalini kule waliniuliza pia, nikasema juzi. Mwongo mimi. Niliona siku ya kwanza, mwanangu. Ya huyu, na ya mama watoto. Zote mbili niliziona, nikaendelea kupiga pasi."