Amplifaya Aliyoikataa Mama

Sisi tuliokulia kwenye foleni hatukufundishwa kuchagua. Miaka ile ya uhaba na duka la kaya la mgawo, ukiona watu wamejipanga unajipanga kwanza, ndipo unauliza kinachouzwa. Ikiwa ni sabuni, unachukua sabuni. Ikiwa ni betri za redio na wewe huna redio, unachukua betri, maana jirani anayo redio na huenda ana sukari. Hakuna aliyethubutu kuuliza kama kuna ya rangi nyingine. Kisha biashara ikafunguliwa, Kariakoo ikafurika vitu vya Dubai mpaka barazani, nasi tukajikuta mbele ya rafu zilizojaa tukiwa na adabu zetu zile zile za foleni.

Nayasema haya kwa sababu ya amplifaya ya Mama.

Masikio ya Mama yalianza kuzima polepole, na mimi mwanawe nilichelewa kujua kwa sababu alikuwa hodari wa kuitikia. Unamwambia jambo, anatabasamu, anasema, "Ee, ndiyo, mwanangu." Redio ndiyo iliyomuumbua. Tulikuwa tumepanga mtaa wa Gerezani, vyumba vinatazamana ukumbini, na kila jioni redio yetu ilipanda sauti mpaka watoto wa watu wakaamka wanalia. Mama hakuwa na haja na muziki. Alichokikalia kitako ni matangazo ya vifo. Akisikia jina la mtu anayemfahamu, au la jamaa yake, anainuka, anafunga buibui, anakwenda msibani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake mjini, na aliifanya vizuri kuliko nilivyofanya mimi kazi yangu ya kupiga chapa kwa wakala wa forodha.

Basi jioni moja redio ilimtaja shoga yake wa tangu utotoni, aliyekuwa amehamia Mbagala. Mama alikuwa amekaa pale pale, kichwa kimeinama upande wa spika, na jina likapita. Tulikuja kupata habari tanga limeshaanuliwa. Sikumwona akilia. Alikaa kitandani akikunja na kukunjua upande wa khanga, akasema, "Watasema nimejivuna. Usipokwenda kwa watu, na wao hawaji kwako. Mimi nitazikwa na nani?"

Maneno yale yaliniuma mpaka chakula kikanishinda.

Kaka yangu alikuwa baharia. Aliporudi safari ile nikamweleza, naye akatoa kwenye begi lake hedfoni kubwa nyeusi zenye mito ya ngozi, alizopewa na mtu wa mawasiliano wa melini walipobadilisha vyombo vyao vya zamani. Mama alipozivaa juu ya ushungi alifanana na rubani. Tukazichomeka kwenye redio. Zikatoa sauti ya mbu aliye chumba cha pili. Kaka akaeleza kwamba zimetengenezwa kwa mitambo ya meli, zinataka kusukumwa, na kiredio chetu hakina nguvu hizo. "Mtafutie amplifaya ya kuzifaa hizi hizi," akasema, kisha akarudi baharini akaniachia kazi.

Nikaifanya kwa mtindo wa foleni. Mtaa wa Kongo, mezani kwa kijana mmoja, niliona amplifaya yenye taa nyekundu na kijani zinazorukaruka. "Imebaki moja tu, dada," akasema. Kwa mtoto wa duka la kaya, hayo ndiyo maneno ya mwisho katika mazungumzo yoyote. Niliikumbatia kifuani nikavuka barabara bila hata kuijaribu, nikiogopa nisije nikapokonywa.

"Unasikia, Mama?"

"Nasikia vizuri sana. Mungu akubariki."

Wiki nzima nilitembea nimenyoosha shingo. Mpaka siku moja Mama yuko bafuni, nikazivaa mwenyewe. Yesu na Maria, ningesema, kama ningekuwa Mkristo! Ilikuwa besi tupu. Chombo kile kilitengenezwa kwa ajili ya dansi, na mtangazaji alikuwa kama mtu anayesema akiwa ndani ya pipa la maji. Nikawaka. Niliwaka kwa yule kijana wa mezani, nikajiwakia mwenyewe, na Mama alipotoka bafuni nikamwakia na yeye.

"Mbona hukusema?"

"Si ulikuwa umeshanunua, mwanangu?"

Jumamosi nikamchukua mwenyewe, hedfoni kikapuni, tukaenda duka la mzee mmoja wa Kihindi karibu na Mtaa wa Uhuru. Mama alikuwa akinunua khanga kwa baba yake mzee yule. Miaka ya uhaba tulilijua duka lile likiwa na rafu tupu na kopo moja moja la rangi, basi. Sasa redio na feni zilikuwa zimefika darini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu mama, karibu. Iko siku nyingi!"

Nikamweleza shida yetu. Akazigeuzageuza hedfoni, akanyanyua nyusi, akashusha amplifaya ya kwanza. Akachomeka waya wa hedfoni, akamvalisha Mama kwa adabu, akageuka kutafuta swichi ya ukutani. Uso wa Mama ukachanua.

"Hii hii! Nasikia vizuri. Tuichukue twende zetu."

Mzee akageuka, plagi iko mkononi.

"Mama, bado sijawasha."

Mama akaiona plagi, akacheka. Alicheka mpaka mzee akashindwa kujizuia, na mimi nikashika kaunta. Akachukua ncha ya buibui akajifuta macho, akaendelea kujifuta, nikaona kwamba si kicheko chote kile.

"Nimezoea," akasema, kwa sauti kubwa ya asiyejisikia, duka zima linasikiliza. "Mtu akiniuliza kama nasikia, nasema ndiyo. Nikisema hapana, atarudia. Nikisema tena hapana, atapiga kelele. Halafu atanichoka. Bora nimwambie ndiyo, aende na furaha yake."

Nilitazama feni. Nilitamani kumkumbatia mbele za watu na nilitamani ardhi inimeze, yote kwa pamoja.

Mzee yule alikuwa mfanyabiashara, sitasema alikuwa malaika, lakini siku hiyo alitoa sheria nzuri. "Leo hakuna ruhusa mtu kuuliza kama mama anasikia," akasema. "Mama atatuambia redio inasema nini. Maneno yenyewe."

Akafungulia redio kwenye taarifa ya habari, tukaanza. Amplifaya ya kwanza, sasa imewashwa: "Waziri... waziri... basi, waziri." Ikarudi juu. Ya pili ilikuwa na vioo na vishale, inang'aa kama gari la bibi harusi. Mama akakaza macho. "Kuna mtu anakohoa." Aliyekuwa akisema ni mtangazaji wa hali ya hewa. Kizuri chajiuza, wanasema wenyewe wa Kariakoo, lakini kile kilikuwa kinajiuza kwa macho tu. Mzee akapunguza besi, akapandisha kitufe cha sauti nyembamba. Alisema maneno yanabebwa na hiyo nyembamba. Nzito ni ya kuchezea. Mimi nilikuwa nimenunua ya kuchezea.

Ya tatu ilikuwa ya kijivu, imechubuka pembeni. Mzee akaweka, akapunguza, akapandisha. Mama akafumba macho, akaanza kusema bei ya korosho. Akasema korosho za Mtwara na korosho za Lindi, akaunganisha na ziara ya waziri na daraja lililokatika kwa mvua, sentensi nzima nzima, mpaka na madaha ya mtangazaji. Wateja wawili wakapiga makofi. Mikono yangu ya foleni ilikuwa imeshafungua pochi, na mzee alikuwa ameshaanza kutafuta boksi.

"Hapana," akasema Mama, akiinua upande mmoja wa hedfoni.

"Hapana nini, Mama?"

"Inanguruma. Nyuma ya maneno kuna kitu kinanguruma. Sitaki. Muulize kama anayo nyingine."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akiuliza dukani kama kuna nyingine. Alikula mchele wenye mawe na kuvaa viatu kimoja kikubwa kimoja kidogo, akashukuru. Nami, badala ya kufurahi, nilikuwa na njaa na miguu inaniwaka. Nikasema, "Mama, jamani, hii ndiyo nzuri kuliko zote!"

Akafungua jicho moja.

"Masikio ni ya kwako au ya kwangu?"

Mzee alifurahi kana kwamba amesifiwa yeye. Akapanda ngazi, akapapasa huko juu, akashuka na nyingine ya aina ile ile, ila haina waya wa umeme, inatumia betri. Alisema hakuna aliyeitaka kwa kuwa haina hata taa moja. Ngurumo, akaeleza, inaingia na umeme wa ukutani. Kwenye betri haipo. Na kwa mgawo wa umeme tuliokuwa nao, nani alihitaji ukuta? Mama akavaa. Safari hii hakurudia neno lolote. Alisikiliza taarifa mpaka mwisho, sisi tumesimama kama watuhumiwa, kisha akavua.

"Hii."

Tangu hapo nyumba haikulala na amani. Chai haina tangawizi, rudisha. Samaki huyu wa soko la Feri kalala tangu jana, rudisha. Majirani walipumua kwa kimya cha jioni, mimi nikawa naambiwa "hapana" kutoka asubuhi, na sikumbuki wakati mwingine nilioipenda nyumba ile kuliko huo.

Jioni moja nilikuwa nachambua mchicha karibu na jiko, chumba kimya, redio inasemea masikioni mwa Mama peke yake. Ghafla akavua hedfoni, akasimama.

"Acha hiyo mboga. Kuna msiba Ilala, kwa yule bwana aliyekuwa fundi cherehani hapa mtaani. Mkewe amefariki. Tuwahi."

Mimi sikuwa nimesikia kitu. Safari hii yeye ndiye aliyeniambia mimi. Nikasema kama inavyotakiwa kusemwa, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea, kisha nikainamia jiko nikaanza kupuliza makaa ambayo hayakuhitaji kupulizwa, ili Mama, aliyekuwa ameshafunga buibui mlangoni, asione ninavyotabasamu.