Duara Jekundu Juu ya Chumba Changu

Harufu ya wino wa mashine ya kuchapisha, ule unaokaangwa ndani ya karatasi mpaka ukurasa unatoka wa moto kama mkate, bado inanikaza taya. Wengine wakiisikia hukumbuka shule au ofisi. Mimi nasikia kwanza jenereta ikinguruma nje ya sekretaria, kile kibanda cha kupigisha chapa kilichokuwa karibu na soko letu hapa Kisangani, kisha nasikia panga likigonga tofali. Nimemaliza chuo kikuu, nimefundishwa kutenganisha jambo na jambo, lakini kwa hili elimu yangu haijanisaidia. Mama anataka kujenga, hatuwezi kumlipa msanifu, na mimi nimepewa kazi ya kutafuta programu ya bei nafuu ya kuchorea nyumba. Mtu mwingine angeimaliza kazi hiyo kabla chai yake haijapoa. Mimi nimepakua, nimefuta, nimepakua tena, nimesoma maoni ya watu nisiowajua katika nchi nisizozijua, nimeota vitufe. Kila programu ninayoifungua naijaribu kwa maswali mawili ambayo sijayaona katika maoni ya mtu yeyote. Unaweza kuchora mpaka uliokwenda mshazari? Na nikichapisha, utanipigia nini juu ya karatasi yangu?

Nilikuwa na miaka kumi msimu ule. Mvua zilikuwa za kupiga. Zilipiga mabati, zikapiga migomba ikalala, zikatoboa barabara mpaka vijana wa toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, wakawa wanaanguka na abiria wao matopeni na kutukanana kwa Kilingala. Sisi tulikuwa watu wa kuja. Wazazi wangu walitoka upande wa Maniema, Papa akiwa karani wa serikali, na tulipanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mtu mmoja aliyempiga mke wake karibu kila alipopata mshahara. Kati yetu na wao palikuwa na ukuta wa mbao. Nililala kando ya ukuta huo. Nilijua kofi linavyosikika na ngumi inavyosikika, na nilijua ule ukimya unaofuata, ambao ulinitisha kuliko vyote viwili. Kwa hiyo Papa aliponunua kiwanja, parsele kama tunavyosema huku, na kuniambia kwamba katika nyumba yetu nitakuwa na chumba changu chenye kuta za matofali ya kuchoma, sikuwaza uzuri wake wala rangi yake. Niliwaza unene wa ukuta.

Parsele yenyewe ilikuwa Simi-Simi, upande wa uwanja wa zamani wa ndege. Jirani yetu alikuwa Papa Likunde, mvuvi aliyezeeka akiwa bado na mabega ya kupiga makasia, mjane mwenye watoto wa kiume wakubwa. Ukuta wake ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeusi, kwa Kifaransa, maneno yanayoandikwa kwenye kuta nyingi za mji huu: kwamba parsele hii haiuzwi. Watu huandika hivyo kwa sababu ya matapeli, na kwa sababu ya ndugu. Mpaka kati yetu na yeye haukwenda sawasawa. Ulianza vizuri barabarani, halafu ukakata mshazari kuingia kwetu, kwa sababu pale kwenye kona Papa Likunde alikuwa amemzika mke wake, na aliyetuuzia parsele alikuwa amekubali kuliacha kaburi upande wa wenyewe. Papa aliujua mpaka huo. Aliutembea na Papa Likunde, wakapeana mikono juu yake, na mzee akamletea Mama samaki.

Mchoro wa nyumba aliuchora Tonton Rama, mdogo wake Mama. Alikuwa fundi wa kompyuta kwa maana kwamba alikuwa na kompyuta, moja nzito iliyokohoa ikiwashwa. Umeme ulipokuja jioni, tulijipanga nyuma yake kama watu wanaotazama mpira. Alikuwa amepata programu tatu kwa rafiki. Ya kwanza ilionyesha nyumba pamoja na jua na vivuli vyake, lakini hatujafika jikoni ikafungua dirisha la kudai malipo kwa kadi ya benki, na katika ukoo wetu wote hakuna aliyewahi kuishika kadi ya benki. Ya pili iliipasha kompyuta joto mpaka ikazimika na kumeza kazi yote. Tonton aliipiga kofi kama anavyopigwa mtoto mjinga. Ya tatu ilikuwa toleo la majaribio, la bure, na ilikubali kuchora. Ilikuwa na kasoro mbili tu. Haikujua mstari wa mshazari: ukiuvuta, wenyewe ulijinyoosha, na parsele yote ikawa ya mraba. Na kila ukurasa uliochapishwa ulitoka na duara kubwa jekundu katikati, lililozungukwa na maneno ya Kiingereza yaliyotangaza kwamba hili ni jaribio.

"Inakataa," Tonton akasema. "Nikivuta huku, yenyewe inarudi sawa. Chumba ya Aziza itaanguka kwa Papa Likunde."

"Kwa karatasi, bokilo," Papa akamjibu. Bokilo ni shemeji, na Aziza ni mimi. "Mufereji tutachimba penye tunajua. Karatasi iko ya kuangalia tu. Kwa karatasi mutu hawezi kufa."

Tulichapisha kwenye sekretaria, kwa rangi. Ukurasa ulipotoka na lile duara, Tonton aliuinua juu akacheka. "Angalia! État yenyewe imepiga kashe! Bure, bila hata matabishi!" État ni serikali, kashe ni muhuri, na matabishi ni kile kidogo unachompa mwenye muhuri ili asiusahau mezani. Papa, ambaye maisha yake yote ofisini yalikuwa ya kuwaona watu wakinyenyekea mbele ya mihuri, alicheka mpaka akajifuta macho. Akaubandika mchoro juu ya ubao, akaufunika kwa plastiki, akausimamisha kwenye parsele ukiwa umeelekea barabara. Alisema ni kwa ajili ya waashi. Nadhani ilikuwa kwa ajili ya wapita njia.

Msingi ulichimbwa. Ninataka hili lieleweke, kwa sababu nimelizungusha kichwani mpaka limechakaa: mfereji ulichimbwa sawasawa. Pale kwenye kona ulipinda, ukaliacha kaburi mbali, kama walivyopeana mikono. Karatasi peke yake ndiyo iliyosema uongo. Jumamosi moja watu wa kwetu walikuja kusaidia kubeba mchanga, na mimi nilikuwa nimesimama kando ya ubao Faustin alipopita. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Papa Likunde, kijana mrefu, pekee nyumbani kwao aliyesoma shule ya sekondari. Alisimama, akaweka kidole juu ya plastiki, akafuata mstari wa mpaka kutoka barabarani. Kidole kilikwenda sawa, moja kwa moja, mpaka kwenye kona. Akasoma kwa sauti maneno yaliyokuwa pale, chumba cha mtoto. Akaligusa lile duara jekundu, ambalo ukingo wake uliangukia juu ya chumba hicho, akauliza bila kunitazama: "Nani atalala humu?"

"Miye," nikasema.

Aligeuka akarudi kwao bila kuutazama mfereji. Ulikuwa hatua chache kutoka alipokuwa, umepinda, unaonekana. Lakini katika mji wetu mfereji ni shimo tu, karatasi yenye kashe ni neno la serikali, na nani asiyejua kwamba mfereji hufukiwa na kuchimbwa upya pale karatasi inapotaka?

Walikuja kabla mchanga haujaisha. Papa Likunde mbele, na chuma cha kuvunjia barafu ya samaki mkononi. Nyuma yake watoto wake, na mapanga. Ubao ndio uliopigwa kwanza. Kisha matofali tuliyokuwa tumeyapanga. Waliyasukuma, wakayakata, yakaruka vipande vyekundu. Waliokuja kutusaidia walikimbia na ndoo zao vichwani. "Munalaza mutoto yenu juu ya bibi yangu!" mzee alipiga kelele, na bibi kwake ni mke. "Nilikula na weye! Na État imetia kashe!" Tonton Rama alikimbilia kati yao, ameinua mkono, akipaza sauti kwamba si kashe, ni programu, ni ya bure. Neno bure ndilo nililolisikia mwisho. Faustin aliteremsha panga, na ule mkono ulioinuliwa ukawa mfupi. Vidole vilidondoka juu ya mchanga uliosafishwa kwa ajili ya zege. Tonton aliviinamia, akaanza kuviokota kwa mkono mwingine, taratibu, kama mtu aliyeangusha sarafu sokoni.

Papa hakuwa mtu wa kupigana. Alikuwa na kifua chembamba na kalamu mfukoni. Lakini alipoona vidole, alimrukia mzee kiunoni, wakaanguka wote wawili ndani ya mfereji, na alipoinuka alikuwa amemkalia kifuani, na mkononi ameshika tofali. Lilishuka mara moja. Nilisikia sauti ambayo ukuta wa mbao haukuwahi kunifundisha. Jicho la mzee likajaa damu. Faustin na ndugu zake walisimama ukingoni na mapanga yao, wakiogopa kukata kwa sababu wale wawili walikuwa wameshikamana kama mwili mmoja. Papa akainua tofali tena, juu zaidi. Uso wake nilikuwa sijawahi kuuona hivyo, ulikuwa umetulia. Mama akashuka mfereji kwa magoti, akaudaka ule mkono akauma. Aliuma kifundo kama mbwa, akakaa hivyo, damu ikamchuruzika kidevuni, mpaka vidole vya Papa vikafunguka na tofali likaanguka matopeni. Ndipo Papa akatazama chini akamwona mzee chini yake. "Mbele ya mutoto yako," Mama akasema, mdomo umejaa. "Utauwa mutu mbele ya mutoto yako."

Hakuna aliyekufa. Huwa najiambia sentensi hiyo kama dawa. Mzee alipoteza jicho, Tonton akapoteza vidole, na wenye mihuri ya kweli wakaja kuandika kilichotokea, wakatuomba matabishi pande zote mbili. Papa hakukanyaga tena Simi-Simi. Tulibaki kwenye vile vyumba vyenye ukuta wa mbao mpaka nilipomaliza shule. Mara nyingine nilimwona ameshika kifundo chake, akilisugua lile kovu la meno kwa kidole gumba, na siku alipofariki kwa homa, Mama alilifunika kovu hilo kwanza, kabla ya uso. Papa Likunde naye alikwisha kufa, akazikwa karibu na mke wake. Mfereji ulijaa majani, lakini parsele ilibaki yetu, na ndipo Mama anapotaka kujenga. Nilisoma, nikapata shahada, na hofu ikasoma pamoja nami.

Sasa programu ni nyingi kuliko siku za nyumba yenye jua na vivuli. Zipo zinazofanya kazi kwenye simu. Ipo moja nzuri sana inayokuruhusu kutembea ndani ya nyumba kabla haijajengwa, lakini inataka intaneti kila dakika na malipo kila mwezi, na huku umeme wa bwawa la mto Tshopo unajiendea unavyotaka, ningekuwa nimelipia giza. Nyingine ni ya bure lakini bado hupiga alama yake juu ya ukurasa. Niliifuta siku hiyo hiyo. Nilimpigia Tonton Rama, ambaye siku hizi anatengeneza simu kule Bengamisa kwa mkono wa kushoto. Alinisikiliza nikifafanua yote mpaka salio langu likakaribia kuisha. "Alors, chagua yenye inapinda," akasema. "Zile zingine iko mapambo." Nikachagua moja isiyo na uzuri wowote. Kuta zake ni za kijivu, vivuli hamna, lakini ukivuta mstari wa mshazari unabaki mshazari, na karatasi inatoka safi.

Sikuichapisha. Niliibeba kompyuta mpaka Simi-Simi mchana wa jua kali, Mama akitembea nyuma yangu na mwavuli, kwa Faustin, ambaye ndiye aliyebaki kwenye ile nyumba. Nywele zake zimeanza kuwa nyeupe. Alituletea viti, akakaa karibu nami ili auone mchoro, na nikaiona mikono yake, mikono ya kawaida, imelala juu ya magoti. Aliweka kidole juu ya kioo akafuata mpaka kutoka barabarani. Kwenye kona kidole kikapinda pamoja na mstari. Akakirudisha, akaupitia tena. "Kashe iko wapi?" akauliza.

"Hakuna, yaya. Haina kashe." Yaya kwetu ni kaka mkubwa.

Akakubali kwa kichwa. Akaonyesha chumba kilicho karibu na kona. "Nani atalala humu?"

"Miye," Mama akajibu kabla sijafungua mdomo.

"Na mama yangu? Na papa?"

Ndani ya programu kuna ghala la vitu vya kupanga. Nilipekua huku nikitoka jasho: makochi, magari, bwawa la kuogelea, mbwa, mti wa limau. Kaburi hakuna. Aliyeitengeneza hakufikiri kwamba mtu anaweza kujenga kando ya wafu wa jirani. Mwishowe nilichukua vitanda viwili vya mtu mmoja, kila kimoja na mto wake, nikavitoa nje ya ukuta, nje ya mpaka, nikaviweka ubavu kwa ubavu pale walipo. Faustin aliinama akaviangalia kwa muda mrefu.

"Mama hakulalaka na muto," akasema. "Utoe ule muto."

Nikajaribu. Nikabofya, nikabofya tena, mpaka likafunguka dirisha dogo kuniambia kwamba kubadilisha vitanda kunataka toleo la kulipia. Nikamsomea, nikingoja nisichokijua. Mkono wake ukainuka, nami nikarudi nyuma na kiti changu, lakini alikuwa anafukuza inzi tu aliyetua juu ya kioo.

"Bon," akasema. "Acha muto. Apumuzike."