Muratina ya Mahari

Juzi, katika ofisi ya chifu huko Kianjokoma, mwanamume alimleta mkewe kumshtaki. "Chifu, bibi yangu ananuka pombe kila siku!" Akajiziba pua ili sote tuliokuwa tukingoja zamu tuone.

Mke akajibu taratibu: "Siku ya mahari nilionjeshwa muratina, pombe yetu ya jadi, mbele ya wazee, iwe ishara kwamba nimekubali kuolewa. Sasa huyu akinipiga, naonja tena nione kama bado nakubali."

"Na unakubali?" chifu akauliza.

"Bado sijajua. Ndiyo maana naongeza."

Sote kwenye benchi tulicheka. Kisha mke akasogeza kitambaa cha kichwa, tukaona jicho lilivyovimba. Mume akaachilia pua.

Pombe ya mama tunainusa tukiwa mbali. Ngumi ya baba haina harufu.